Kamera ya jua niliyoachia nyumba wiki tatu: naipa nyota 3, ukigeuza pano vizuri inafika 4

Nilinunua hii kamera mwanzo ya mwezi wa saba, dola 75, muuzaji alianzia ku 95 na mi nikajifanya niko naenda zangu, unajua vile inaendaka mu magazini ya katikati ya muji. Batoto balikuwa mu vakansi, tulikuwa tunaenda wote Kolwezi kwa dada yangu wiki tatu, kilometa kama 300 toka huku Lubumbashi, na nyumba yetu ya Bel-Air inabaki na kijana mumoja tu, mutoto ya kaka yangu mukubwa, kijana muzuri lakini akilala analalaka kama jiwe.

Mwaka jana ku avenyu yetu kuko bantu balirudia toka safari bakakuta malata mbili ya juu ya nyumba zimengolewa, plafo imepasuka, televizyo hakuna, frigo hakuna. Frigo, wewe! Ilipitia wapi sijue mupaka leo. Na mulango haukuguswa hata kidogo, kadena (kufuli) ilikuwa pale pale inang'aa.

Sasa kamera yenyewe. Iko na pano yake ndogo ya jua, ndani iko na batri, na unaingiza karte SIM ya 4G, kwa hiyo haiombe wifi na haiombe kuranti. Ni hiyo tu iliyonifanya nitoe feza, juu kamera ya prise kuranti ikikatika na wifi inakufa na kamera nayo inakufa, na mwizi anangojaka giza ile ile. Hii ya jua inasinziaka muda yote ili ichunge batri, kitu chenye moto ya mwili kikipita karibu, mutu, mbwa, hata kuku, inaamuka inakamata video kidogo ya sekunde kama 12 na telefone yako inalia. Karte ya kuchunga video unanunua pembeni, mi niliweka ya giga 64. Jua tu kama mwizi akiingola kamera anaenda na karte yake, na video unabaki nayo ni ile tu iliyokwisha kufika ku telefone, njo maana ifunge juu sana, mahali pa kufikia na ngazi.

Fundi aliyekuya kuifunga alihangaika na SIM karibu saa mbili, anaiingiza anaitoa, anasema kamera imekufa, kumbe SIM ilikuwa bado na kode PIN. Toa hiyo kode kwanza ku telefone njo uingize mu kamera. Na neno ya siri ile inakuya nayo toka kiwanda ugeuze siku ile ile, la sivyo kila mwenye kununua ya aina moja anajua ya kwako.

Sasa pano, hapa njo nataka musome vizuri. Kitabu kidogo ya maelezo inasema geuza pano upande wa kusini. Fundi akatii, na mi nikatii, juu kitabu imeandikwa. Lakini ile kitabu waliandikia bantu beko mbali juu ya ikweta, kwabo jua inakaaka kusini. Sisi huku tuko chini, Lubumbashi iko karibu digrii 12, na mu mwezi wa saba jua ya saa sita inapitaka kaskazini yetu, upande wa muji ya Likasi tuseme. Pano yangu ilikuwa inaangalia ukuta ya jirani! Ongeza na vumbi ya mwezi wa nane, mvua hatujaiona toka mwezi wa ine, na majivu ya moto ya pori inaanguka mupaka ku kamba ya nguo. Siku ya munane batri iko ku 31%. Nikapigia kijana.

"Baba mudogo, nigeuze wapi sasa?"

"Upande ya muti ya maembe."

"Ile iko kivuli, baba mudogo."

"Basi panda juu kidogo, ipite muti. Na ufute ile vumbi na kitambaa ya maji."

Kesho yake 58, kisha siku tatu ikapita 90, na haikushuka tena. Kwa hiyo ile nyota moja niliyokata ni ya kitabu.

Mega (enternete ya SIM) nayo inaisha mbio. Kamera yenyewe haikule sana, kinachokula ni kuangalia moja kwa moja. Bibi yangu kila magaribi alikuwa anafungua aplikasiyo aone kama kijana amemwagilia lengalenga, dakika kumi, kumi na tano, anaongea naye mu oparlere ya kamera, sauti inachelewa kidogo, kijana anajibu hewa. Giga mbili ikaisha mbele ya siku kumi. Na notifikasiyo ya bure bure: kuku, nyau ya jirani, na buibui aliyejenga nyumba yake mbele ya lensi. Iko na sirene pia, inalia yenyewe kamera ikiamuka. Mi niliizima siku ya tatu juu ya nyau.

Musahau hiyo kitu ya sirene hapana.

Siku ya 15, saa nane ya usiku na dakika 47, video inaingia. Mikono mbili juu ya ukuta inapapasa vipande vya chupa polepole, kichwa na kofia kinapanda, kisha kuko kelele kama ya sufuria, mwangaza ya torshe, na mikono haiko tena. Picha iko safi kabisa, hata usiku, hapo sina neno. Lakini mi niliiona saa moja ya asubuhi niko nakunywa chai kule Kolwezi, telefone ilikuwa bila sauti. Na kijana? Alilala mupaka jua.

Tuliporudia nikaenda kwa mama wa jirani na unga kidogo na samaki, nikamuuliza.

"Mbwa alilia mubaya," akasema, "nikakamata sufuria na mwiko, nikagonga. Bengine nabo bakasikia bakagonga. Ile kamera yako haipigake kelele?"

"Inapigaka, mama."

"Njo ilikuwa inangoja nini?"

Sikukuwa na jibu. Sirene nimeiwasha, na ile aplikasiyo inakubali kugawa kamera na telefone ingine, nimeweka kijana wa kwanza wa ule mama, yule halalake mbele ya saa saba. Ufanye hiyo mbele ya kuondoka.

Bingine byenyewe ni bya bure: kadena tunaifungia ndani ya porti sasa, mikono inapita ku katundu, juu kadena inayoninginia inje inasema hatuko. Na ampule ya barza tumemwambia kijana aizime asubuhi, taa inayowaka muchana inasema vile vile.

Garanti ni miezi sita, lakini chuma ya kushikilia pano ilivunjika mu wiki ya pili na ule muuzaji ananiambia garanti ni ya kamera tu, chuma haiko ndani. Nimeifunga na waya. Mwezi wa kumi na mbili tunaenda tena, nanunua ya pili kwa nyuma, upande wa malata, na chuma nitachomesha kwa fundi wa komini ya Kenya, huku huku Lubumbashi.