Matone ya fipronili kwa viroboto: dawa nzuri, ila soma kipimo
Kwa mbwa na paka wa Mwanza wanaojikuna usiku kucha, matone ya fipronili ya maduka ya dawa za mifugo yanazidi dawa ya kuogeshea kupe. Amitrazi, ambayo ni dawa hiyo ya kuogeshea, inaua kupe, lakini kwa viroboto ni dhaifu, na paka haimfai kabisa.

Kichupa kimoja, mnyama mmoja: paka mililita 0.5, mbwa wa kilo 2 hadi 10 mililita 0.67, wa kilo 10 hadi 20 mililita 1.34. Tenganisha manyoya katikati ya mabega mpaka ngozi ionekane, mimina hapo. Ukimwaga juu ya manyoya umetupa hela. Asiogeshwe siku 2 kabla na 2 baada, wala asiingie ziwani. Fipronili inadhuru viumbe wa majini.

Lalamiko la "dawa feki, viroboto wamerudi" mara nyingi ni la kuonea. Mayai hudondoka kwenye gunia analolalia, na pupa (kiroboto ambaye bado hajakomaa) ndani ya kifukofuko haguswi na dawa. Fua matandiko kwa maji ya moto, fagia nyufa za sakafu, rudia matone kila mwezi kwa miezi 3.

Tegu, mnyoo wa tumboni, ndiye fipronili haimwezi. Mbwa humeza kiroboto mwenye lava wa tegu anapojitafuna (mtoto anayecheza naye pia anaweza kummeza). Vipande kama punje za mchele karibu na mkundu vinataka dawa ya minyoo, prazikwanteli. Na kichupa cha mbwa chenye permethrini, dawa nyingine ya wadudu, kisimguse paka: hutetemeka, hupata degedege, anaweza kufa.