Laptop ya okazyoni Lubumbashi: Linux ipi iwekwe, na programu zipi zije nayo

Ukinunua laptop ya okazyoni Lubumbashi, ukamwambia fundi unataka Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, mara nyingi atakuwekea ile iliyo tayari kwenye flash yake. Usikubali haraka. Linux hizi zote ni za bure, lakini hazilingani kwa kile unachokikuta ndani siku ya kwanza. Kila programu isiyokuja na flash utaivuta kwa mega zako mwenyewe, huku ukiomba SNEL isikate umeme katikati.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: mashine inaweza kufanya nini wifi ikiwa imezimwa? Mwambie fundi, «Tafadhali, zima wifi kwanza,» ndipo uanze kujaribu. Mwanafunzi wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) anayeandika TFC, kazi ya kumaliza masomo, anahitaji LibreOffice, programu ya kuandikia kama Word, yenye menyu za Kifaransa na kamusi ya kusahihisha tahajia. Anahitaji pia kisoma PDF, kicheza video na dereva ya printa. Funguo za kibodi nazo zijaribiwe moja moja. Laptop kutoka Ubelgiji na laptop kutoka Ufaransa zote ni AZERTY, mpangilio wa herufi wa Kifaransa, ila alama hazikai mahali pamoja: kwa Mbelgiji @ unaipata kwa AltGr na ufunguo wa 2, kwa Mfaransa ni AltGr na ufunguo wa 0. Fundi akichagua moja kwa kubahatisha, utasumbuka kila unapoandika anwani ya barua pepe.

Kuna jambo la fonti ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi. Times New Roman na Calibri ni mali ya makampuni, hazimo ndani ya Linux. Badala ya Times kuna Liberation Serif, ambayo herufi zake zina upana uleule, hivyo kurasa hazihami. Badala ya Calibri kuna Carlito. Bila Carlito, kazi ya kurasa 60 uliyopewa na mwenzako kwa Calibri inaweza kufunguka na kurasa 63, na jedwali la yaliyomo likawa la uongo mbele ya profesa. Fungua orodha ya fonti ndani ya LibreOffice uitafute kwa macho yako.

Ya kwanza: MX Linux, toleo la Xfce (mezakazi nyepesi, yaani sura ya madirisha na menyu)

Imejengwa juu ya Debian, Linux nyingine iliyo ya tatu hapa chini; ni nyepesi kwa mashine yenye RAM ya GB 4, na inakuja na LibreOffice, kivinjari cha Firefox, Thunderbird ya barua pepe na VLC ya kuchezea video. VLC inakuja na kodeki inazohitaji (vipande vya programu vinavyofungua aina mbalimbali za video na sauti), kwa hiyo video nyingi zinazozunguka kwenye flash za watu hapa mjini zinacheza bila kuvuta kitu.

Lakini nimeiweka juu kwa sababu ya chombo kimoja kiitwacho MX Snapshot. Fundi anaweka mfumo kwenye mashine moja, anaongeza Kifaransa cha LibreOffice, Carlito, dereva za printa zinazotumika sana na chochote wateja wake wanachoomba. Kisha Snapshot inageuza mashine hiyo nzima kuwa faili ya ISO mpya, yaani faili moja yenye mfumo wote inayowekwa kwenye flash ya kusakinishia, na anaweza kuchagua akaunti na nenosiri lake visibaki ndani. Mega zinatumika mara moja, mashine ishirini zinafaidika. Watengenezaji wa mbali wanachagua programu kwa ajili ya mtu mwenye intaneti nyumbani saa zote. Kwa chombo hiki anayechagua ni fundi wa Kamalondo au Katuba, anayewajua wateja wake. Mwenye cyber anayenunua mashine nne au tano kwa pamoja asitafute kwingine.

Sharti lipo moja. ISO iliyotengenezwa na mtu inabeba chochote alichotia ndani, kwa hiyo ichukue kwa fundi unayemwamini tu. Na kama ni ISO ya asili, mwombe aendeshe amri ya sha256sum mbele yako, alinganishe jibu na namba iliyo kwenye tovuti ya watengenezaji; zikifanana, faili haijabadilishwa. Kufungua ukurasa huo hakuli mega nyingi.

Ya pili: Linux Mint

Kwa anayetoka Windows hii ndiyo rahisi kuizoea, na kwa mnunuzi wa mashine moja tu karibu niiweke ya kwanza. Ina LibreOffice, Firefox, Thunderbird, Timeshift ya kurudisha mfumo ukiharibika, na Warpinator, inayopitisha mafaili kati ya mashine mbili zilizo kwenye ruta moja hata kama ruta haina intaneti. Tangu toleo la 21.1 la Desemba 2022, kisimamizi cha dereva kinaweza kuchukua dereva kutoka flash ileile uliyosakinishia, na hilo linaokoa laptop ambazo kadi yake ya wifi haiamki.

Kinachoishusha ni kodeki. Tangu toleo la 18 la mwaka 2016 hazimo kwenye ISO: unaweka alama kwenye kisanduku wakati wa kusakinisha, na hapo intaneti inahitajika. Fundi aifanye kazi hiyo kwake, kabla hujalipa. GIMP, programu ya kuhariri picha, nayo iliondolewa kwenye programu za mwanzo katika toleo la 19.3, kwa hiyo mwenye studio ya picha aiombe mapema.

Ya tatu: Debian

Imara sana, na tangu toleo la 12 la Juni 2023 kisakinishi kina firmware (programu ndogo zinazoamsha vifaa) za kadi za wifi ambazo zamani ulizitafuta kwa taabu. Ila angalia faili gani imo kwenye flash. ISO iitwayo netinst ni ya megabaiti mia kadhaa tu, na udogo huo unadanganya: mezakazi, LibreOffice, karibu kila kitu kitavutwa baadaye kutoka mtandaoni. Dai ISO ya DVD, ya GB 4 hivi, inayosakinisha bila mtandao. Ukichagua Kifaransa mwanzoni, inaweka pia tafsiri za LibreOffice na kamusi.

Ya nne: Ubuntu

Tangu toleo la 23.10, chaguo la kwanza la kisakinishi chake ni usakinishaji mdogo: kivinjari na vifaa vichache, LibreOffice haimo. Ukibonyeza tu «endelea», ndicho utakachopata, kwa hiyo fundi achague ule uliopanuliwa. Na vifurushi vya snap, namna ya Ubuntu ya kufunga programu, Firefox ikiwemo, hutafuta masasisho vyenyewe hadi mara nne kwa siku. Kwa anayetumia intaneti ya simu hilo ni shimo kwenye mfuko. Amri ya «snap refresh --hold» inazuia, mradi mtu akuoneshe.

Fedora sikuiweka kwenye orodha, maana kodeki kadhaa haziji nayo kwa sababu za hataza na lazima uzivute. Kama fundi anakuuzia mashine kuukuu ya biti 32, hizi nilizozitaja usizihangaikie; mwulize antiX, Linux nyepesi ya mashine za zamani, na ujadili bei upya.