Simu janja ya kila siku: ipi ianze, ipi iwe ya mwisho, kwa mnunuzi wa Arusha na Moshi

Ukiingia duka lolote la simu Barabara ya Sokoine, au Double Road kule Moshi, utaonyeshwa kamera kwanza. Iache kidogo. Simu nyingi hapa hazistaafu kwa sababu ya kamera: hifadhi inajaa, betri inachoka, au kioo kinapasuka na fundi hana cha kubadilisha. Tumepanga orodha hii kwa hayo matatu.

1. Simu mpya ya bei ya chini-kati, RAM (kumbukumbu ya kuendeshea programu) GB 4 na hifadhi GB 128

Hapa ndipo zilipo Tecno Spark, Infinix Hot, Redmi na Samsung Galaxy A za mwanzo. Kwa mtu wa WhatsApp, pesa za simu, picha za biashara na mpira jioni, zinatosha kabisa.

Soma boksi vizuri. Likiandikwa 8GB kwa herufi kubwa, tafuta maandishi madogo ya "4+4". RAM halisi ni 4; nyingine nne zinakopwa kutoka kwenye hifadhi, ambayo ni ya polepole zaidi. Usiilipie kama RAM 8. Ya 64GB isikuvutie kwa tofauti ndogo ya bei: mfumo wenyewe unachukua sehemu kubwa, na magrupu ya kikoba, kwaya na shule ya mtoto yatamaliza iliyobaki. Memori kadi inahifadhi picha na video, lakini programu zinabaki zikijaza hifadhi ya simu yenyewe.

Boksi la Galaxy A haliji na kichwa cha chaja, kwa hiyo piga hesabu yake kabla ya kulinganisha na Tecno. Kama mfuko unaruhusu kupanda kidogo, Galaxy A16 ya 2024 imeahidiwa masasisho ya miaka 6, jambo adimu kwa simu za kundi hili. Vioo vya LCD ni nafuu kubadilisha kuliko AMOLED. Muulize fundi wako bei ya kioo cha simu unayoitaka kabla hujailipia.

Simu iliyopitia mpaka wa Kenya, Namanga au Holili, inaweza kuwa nzuri na ya bei poa, ila uliza kama garantii yake inatambulika Tanzania. Bila hivyo umenunua simu mpya isiyo na garantii.

2. Samsung ya mtumba, ya daraja la juu, miaka miwili au mitatu

Kwa pesa ileile unapata kioo bora, kamera bora na kasi zaidi. Tungeiweka ya kwanza kama si hatari zake, kwa hiyo kagua mbele ya muuzaji, bila haraka:

Piga *#06#. Tarakimu 15 za IMEI (namba ya utambulisho wa simu) zitakazotokea zifanane na za boksi na za risiti. Tuma IMEI hiyo kwa ujumbe kwenda 15090, utajibiwa aina ya simu. Jibu likitaja simu nyingine, rudisha. TCRA ilizima simu feki usiku wa 16 Juni 2016, na namba iliyochezewa bado inaweza kukuzimia.

Weka laini yako, piga, kisha fungua intaneti. Simu zilizouzwa na kampuni za mitandao za Marekani mara nyingi huja zimefungwa kwa mtandao mmoja. Za Japani mara nyingi zinapiga picha kwa mlio usiozimika.

Piga *#0*# ujaribu kioo rangi moja moja. Kwenye nyekundu au kijivu utaona kivuli cha kibodi kama kioo cha AMOLED kimeungua. Baadaye cheza video dakika 20, mwanga ukiwa juu kabisa. Ikila zaidi ya asilimia 10, hesabu na bei ya betri mpya.

Mwisho, ifute yote hapohapo. Ikiwaka na kudai akaunti ya Google ya mtu mwingine, hiyo si yako. Ikisema kifaa kinasimamiwa na taasisi, huenda ni ya mkopo ambao haujalipwa. Ukiridhika, dai risiti ya EFD yenye IMEI. Ndiyo kinga yako ikija kuonekana kwamba iliibwa.

Pixel, simu za Google, zina kamera nzuri mno, lakini vioo vyake ni shida mjini. Mwaka 2025 Google yenyewe ilitoa masasisho yaliyopunguza uwezo wa betri kwenye Pixel 4a, kisha Pixel 6a.

3. iPhone ya mtumba

Usishuke chini ya iPhone 11: XR na XS hazikupata iOS 26 (iOS ndio mfumo wa iPhone). WhatsApp nayo tangu Mei 2025 inataka iOS 15.1 kwenda juu, kwa hiyo iPhone 6 ni pambo. Angalia namba ya modeli kwenye Mipangilio: ikianza na M iliuzwa mpya, F ilikarabatiwa na Apple, N ilitolewa kama mbadala. Afya ya betri ikiwa chini ya asilimia 80, punguza bei. Akaunti ya Apple ya mwenye zamani lazima itolewe mbele yako. "Nitakutumia nywila baadaye" maana yake huna simu.

Kama ni bodaboda, usiifunge kwenye usukani. Apple walionya 2021 kwamba mtetemo wa injini unaweza kuharibu mfumo wa kutuliza kamera.

4. Simu ya mkopo

Chukulia kianzio 60,000 na 1,500 kila siku kwa mwaka: jumla 607,500. Linganisha na bei ya taslimu ya simu hiyohiyo dukani. Ukichelewa inajifunga, na kuifuta hakuifungui. Inafaa tu kama simu yenyewe ndiyo itakayoingiza hiyo 1,500.

5. RAM 2, hifadhi 32

Ruka. Kama shida ni kupiga na kutuma pesa, kitochi kinatosha na chaji inakaa siku kadhaa.

Kwa waongozaji na wagumu (wapagazi) wa Kilimanjaro: baridi huzima betri yenye chaji, hasa iliyochoka. Lala nayo ndani ya begi la kulalia, ibebe ndani ya jaketi, na usiichaji kabla haijapata joto.