Viko vitatu, tumbaku moja ya vanila

Kiko changu cha kwanza nilikichagua kwa macho. Kilikuwa kimepinda kama shingo ya korongo, bori lake, yaani kile kikombe cha tumbaku, refu kama dohani, mti wake mwekundu unang'aa. Nikajaza tumbaku ya vanila, nikawasha, na kabla sijafika nusu kikaanza kukoroma. Kila nikivuta, majimaji machungu yananifika ulimini. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Lawama si ya kiko peke yake. Tumbaku ya kunukia, hasa Cavendish nyeusi, hutiwa sukari na ladha, na mara nyingi propylene glycol pia, kimiminika cha kutunza unyevu, ili isikauke koponi. Ukiiwasha, unavuta moshi pamoja na mvuke mwingi. Mvuke huo hupoa ukifika chini ya bori na kwenye kona ya mrija uliopinda, ukawa maji. Sasa bori likiwa refu, majani ya chini yanakaa yakilowa huku moto uko mbali juu. Ukiyafikia hayo ya mwisho hayashiki moto, unavuta kwa nguvu moto usizime, moshi unachemka, ulimi unababuka. Kesho yake hata chai huionji.

Cha pili nilikimbilia upande wa pili kabisa: bori fupi na pana, umbo wanaloliita Pot, mdomo wake milimita 22. Kukoroma kulipungua sana, sikatai. Lakini kaa la moto lilikuwa pana mno, likala tumbaku haraka, na ile vanila ikaishia hewani. Waliokaa karibu nami waliifaidi harufu kuliko mimi niliyekuwa navuta. Nikawapa watu wa tumbaku kavu isiyotiwa ladha, huko kinaelewana nao.

Kinachokaa mfukoni mwangu leo ni cha tatu, umbo wanaloliita Dublin. Kwa nje kimefunguka juu kama faneli, na ndani tundu nalo linafinyaa kadiri linavyoshuka: juu milimita 19, kina 35 hivi, chini pembamba. Hapo ndipo siri yake ilipo. Pale maji yanapojikusanya pana tumbaku kidogo tu, kwa hiyo kinachobaki mwisho ni jivu la kijivu na vijani viwili vitatu vilivyolowa. Mrija wake umenyooka. Katikati ya kuvuta nachomeka waya wenye manyoya mpaka chini kabisa bila kukifungua, nikachomoa unyevu, nikaendelea. Kwa tumbaku ya kunukia, mrija ulionyooka nimeuthamini kuliko hata umbo la bori. Ukuta wake mnene pia unasaidia, mkono hauungui.

Kina kero yake. Ukishindilia sana mwanzoni, ule wembamba wa chini unaziba na hewa haipiti, itabidi umwage uanze upya. Masizi nayo hujaa chini haraka kuliko juu, na kuyakwangua kwenye tundu la namna ile kunataka subira. Mimi huacha tabaka la milimita moja tu.

Umbo lolote utakalochukua, tandaza tumbaku kwenye karatasi kwanza, nusu saa au saa nzima, mpaka ukiibana kwa vidole haigandani. Nilipoanza kufanya hivyo hata kile kiko changu cha korongo kilipunguza makelele. Sikusema kiliacha.

Na anayeanza leo asinunue kiko cha mti wowote. Achukue kiko cha gunzi la mahindi, kama vile vya kampuni ya Missouri Meerschaum, wanaovitengeneza Marekani tangu 1869. Gunzi hunywa unyevu, halihitaji kuzoeshwa moto taratibu, na ladha ikiganda humo hutalia. Mti wa briar, ule unaochongewa viko vingi, ukishika vanila hauachi; tumbaku yoyote utakayoweka baadaye itanukia keki. (Harufu tamu haipunguzi sumu, tuelewane. Kiko nacho huleta saratani ya mdomo, ndiyo maana mimi ni bori moja Jumapili, basi.)

Dublin naipa nane kwa kumi. Pot, tano. Kile cha korongo kiko rafuni, na kila mgeni akiingia ndicho anachokinyanyua kwanza akakisifia.