Chuma cha Tela cha Kubebea Baiskeli: Cha Dukani au cha Fundi?

Asalamu alaikum watazamaji, karibuni. Nipo gereji hapa Chumbageni, Tanga, na sakafuni nimelaza vyuma vya tela viwili, vile vinavyofungwa chini ya gari kwa nyuma. Hiki cheusi ni cha dukani, mtumba kutoka Marekani. Hiki cha kijivu kimechomelewa hapahapa mjini. Mnaniuliza sana: nataka kupakia baiskeli nyuma ya gari, nichukue kipi? Na kabla sijajibu mnaongeza, "kinavuta tani ngapi?" Hilo la tani tuliache. Baiskeli haivutwi, inabebwa.

Kamera isogee hapa. Mnaiona lebo ya hiki cheusi? Ina namba mbili. Kubwa ni uzito wa tela, ratili 4,000. Ndogo ni 400, yaani kilo 181 hivi, na huo ndio mzigo ambao chuma kinaruhusiwa kukandamizwa kwenda chini. Wengi wanasoma ile kubwa, wanalipa, wanaondoka. Na hata hiyo ndogo usiitumie yote. Tela lina magurudumu yake, mtikisiko linaumeza lenyewe. Keria ya kubebea baiskeli, ile inayochomekwa kwenye chuma hiki, haina gurudumu, mzigo wote uko hewani nyuma ya bampa. Kumbatia ndoo ya maji kifuani, halafu ishike umenyoosha mkono mbele: ndoo ni ileile, bega ndilo litakalolia.

Sasa piga hesabu na baiskeli zetu za Tanga. Baiskeli ya Phoenix ya chuma, madigadi ya chuma, na keria yake ya nyuma ya chuma, ni kilo 20 hivi. Mbili ni 40. Keria ya gari ya kusimamishia, hii yenye reli za kuweka magurudumu, ina kama 20 nyingine. Umeshafika 60. Ya tatu inakupeleka 80, na gari nyingi ndogo zina kikomo cha kukandamizwa cha kilo 75, nyingine 50 tu. Lebo ya chuma ikisema 181 na kitabu cha gari kikasema 75, anayesikilizwa ni gari. Halafu kuna matuta. Kutoka hapa kupitia Muheza mpaka Segera mnayajua wenyewe, na kila tuta mzigo unaruka na kurudi chini kwa nguvu kuliko uzito wake.

Mdomo wa chuma, hapa inapoingia keria, una saizi mbili kuu: inchi moja na robo, na inchi mbili. Chukua inchi mbili. Hiyo ndogo inafaa baiskeli mbili nyepesi, na za kwetu si nyepesi.

Njooni kwa hiki cha fundi. Kazi ya kuchomelea ni safi, sina ubishi. Shida iko kwenye bomba. Fundi ametumia bomba la mraba la milimita 60, unene milimita 4. Ndani inabaki 52. Shina la keria ya inchi mbili, yaani kile kipande kinachoingia mdomoni, ni milimita 50.8. Kuna mwanya wa milimita 1.2, na huku mwisho, ilipo baiskeli ya pili, mwanya huo unakuwa mchezo wa kuonekana kwa macho. Sikilizeni... kwa! kwa! Dawa yake ni rahisi: mwambie fundi atoboe ubavuni, achomelee nati, aweke bolti ya kubana shina lisicheze. Ila hiyo ni ya kutuliza kelele tu. Pini ya kushikilia lazima iwepo palepale, ya milimita 16.

Kitu cha kukagua kuliko vyote ni kule chini kinakofungwa. Prado ina chasisi yake, mambo ni mepesi. Noah, RAV4, IST, hizo bodi na chasisi ni kitu kimoja, kwa hiyo bolti ziingie kwenye mihimili miwili mirefu inayopita chini ya buti, kila upande bolti mbili au zaidi, na kichwani ziwe na chapa ya uimara, 8.8 au 10.9. Nimeona mtu kafunga keria kwenye ile pete ya kufungia kamba gari likizama kwenye mchanga. Jamani! Ile pete ni ya kuvutwa, tena kwa kunyooka. Na usikubali kufungiwa kwenye bampa. Bampa siku hizi ni plastiki.

Haya, kipi? Hapa ndipo watu wengi wanaliwa hela. Hiki cheusi ni kizuri kweli, lakini kimetengenezewa gari zinazouzwa Marekani. RAV4 inauzwa kule, kwa hiyo unaweza kubahatika, ila pima matundu kwanza, maana RAV4 ya Japani na ya Marekani zinaweza kutofautiana. Noah haijawahi kuuzwa kule. Muuzaji akikuambia "kinaingia tu bosi, fundi atarekebisha", ameshakuambia hakiingii. Mwenye Noah, chako ni hiki cha kijivu, kwa masharti niliyosema. Mwenye IST, kaa na hela yako. Laza viti vya nyuma, toa gurudumu la mbele, baiskeli ipite ndani.

Wenye keria za kubana kwenye kile kichwa cha mviringo cha kuvutia tela, ambazo Ulaya ndizo zimejaa: mdomo wa keria hizo umetengenezewa kichwa cha milimita 50. Hakikisha kichwa ni cha chuma, na ufute grisi yote. Kwa tela grisi inasaidia. Kwa keria inateleza, mzigo unalala ubavu.

Mengine ya haraka haraka. Mlango wa Noah unafunguka kwenda juu, kwa hiyo tafuta keria inayoinama, la sivyo kila ukitaka maji ya kunywa unashusha baiskeli. RAV4 za zamani zina spea mlangoni, shina lako liwe refu. Ekzosi isipulizie tairi la baiskeli, litalainika. Namba ya gari na taa zikizibwa, trafiki wa kwanza tu utampa maelezo, kwa hiyo nunua kibao cha taa chenye waya wake.

Na sisi wa pwani, chumvi. Rangi ya kupulizia haitoshi. Pakeni grisi ndani ya mdomo wa chuma, uzibeni kwa kifuniko cha mpira, na msipobeba baiskeli chomoeni shina, kwanza linavunja watu miundi pale maegesho. Fundi, lete spana namba 19, tumfungie huyu mwenye Noah chuma chake.