Ribridha ya mtumba: nimeifungua yote, sensa zimenikasirisha

Karibuni tena, ndugu zangu. Niko Kirumba, Mwanza, karibu na soko la samaki la Mwaloni, samahani kwa kelele za wapakia dagaa. Hapa mezani ni ribridha ya mtumba, yaani kifaa cha kuzamia kinachosafisha pumzi yako na kukurudishia, niliyoinunua kwa kazi yetu ya kuzamia.

Ukizama na mtungi wa kawaida, pumzi unayoitoa inaondoka na mapovu ikiwa bado na oksijeni kama asilimia 16. Inapotea bure. Humu pumzi inazunguka: inatoka mdomoni, inaingia kwenye mfuko wa pumzi, inasafishwa kwenye kopo, inaongezewa oksijeni, inakurudia. Vali hizi mbili za mpira, nyembamba kama ganda la kitunguu, ndizo zinazoizuia isirudi nyuma. Tazameni: naziba bomba la kutolea, napuliza. Upande wa kuvutia hauvuji hata kidogo. Safi.

Sasa kopo, na hapa tukae kidogo. Ndani mna punje za chokaa ya soda zinazonasa hewa ukaa, na zikifanya kazi kopo linapata joto. Natikisa... mnasikia zinavyochakacha? Sauti hiyo siitaki kabisa. Punje zikilegea, pumzi inapata njia ya mkato, inapita bila kusafishwa, na mtu anazimia majini. Jaza, gongagonga ubavuni, ongeza, gonga tena mpaka linyamaze. Springi ya kifuniko inasaidia kukandamiza, lakini haishiki nafasi ya mikono yako. Na maji yasiingie: yakichanganyika na chokaa yanaunguza mdomo na koo.

Sensa za oksijeni ni tatu, ili moja ikidanganya mbili ziiumbue. Muuzaji aliniapia ni mpya. Nimezigeuza, haya, soma mwenyewe: zote muda wake umekwisha, tarehe moja! Zilizozeeka pamoja zinaweza kudanganya pamoja.

Na wenzangu wa kanda ya ziwa, hili lishikeni. Ukizipima hapa kwa oksijeni tupu, usitegemee kuona 1.0, yaani presha ya oksijeni ya bar moja. Ziwa letu la Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa ni ndogo. Zinapaswa kusoma karibu 0.88. Ukizilazimisha kwenye 1.0, huko chini zitakuonyesha oksijeni nyingi kuliko unayoivuta.

Vali na kopo napitisha. Sensa nimezing'oa, na mpaka nipate tatu nzima zenye tarehe tofauti, ribridha hii haitoki mezani hapa.