Injini ya Defender ndani ya Land Rover 109 ya mwaka 1976: uzoefu wangu baada ya kilomita 21,000

Mwezi uliopita nimepanda Nyang'oro kwa gia ya tatu, nyuma nina kreti arobaini za zabibu za Mpunguzi, na mshale wa joto haukusogea. Anayeijua barabara ya Dodoma kwenda Iringa, pale unapoziacha Mtera na Izazi ukaanza kuukabili mlima, ataelewa kwa nini naanzia hapo. Kwa miaka mingi pikapu hiihii iliupanda mlima ule kwa gia ya pili, ikifika katikati inachemsha, utingo anaruka na jiwe kuweka nyuma ya tairi, tunafungua boneti tunasubiri. Kuna safari tulisimama mara tatu. Na zabibu hazisubiri, kreti za chini zinaanza kuvuja maji kabla hujafika sokoni.

Ni Land Rover 109 Series III. Baba aliinunua mnadani mwaka 1988 ikiwa na injini yake ya kiwandani: ya petroli, silinda nne, cc 2,286, nguvu za farasi kama 70 ilipokuwa mpya. Hadi naachiwa mimi ilikuwa imeshafanyiwa oveholi mara mbili. Lita moja ilikuwa inakwenda kilomita tano, ikiwa na mzigo nne. Kuiuza sikutaka. Dodoma ni kukavu, chasi haijaliwa na kutu, bodi ni ya aluminiamu, na ni gari lililotusomesha mimi na wadogo zangu wanne. Nilitaka irudi kazini.

Nilipoanza kuulizia, karibu kila mtu alinishauri injini ya Toyota. Nilizifikiria kwa dhati. 1HZ ya cc 4,164 ni injini ngumu, haina kompyuta, lakini ina silinda sita, ni ndefu na nzito, na kuifunga kwenye Land Rover kunataka kuchonga vyuma vya kuunganishia ambavyo fundi akikosea milimita chache unaua klachi. 1KD ya cc 2,982 ina nguvu sana na inapatikana Dar es Salaam kwa urahisi. Tatizo lake kwangu ni mfumo wa komoni reli, yaani nozeli zote zinalishwa na bomba moja la presha na kompyuta ndiyo inayoziongoza. Inahitaji kompyuta yake, nyaya zake zote, hadi pedali yake ya mafuta, na dizeli isiyo na uchafu hata kidogo, maana nozeli zake zinafanya kazi kwa presha kubwa mno. Mimi naingia vijiji ambako dizeli inauzwa kwenye madumu. Sikuthubutu.

Nikachagua 300Tdi, injini iliyoanza kufungwa kwenye Defender mwaka 1994. Wapo watakaosema hiyo nayo imezeeka. Kwa gari la 1976 ni ya kisasa vya kutosha: cc 2,495, ina tabo, ina rejeta ndogo ya kupoza hewa inayotoka kwenye tabo, na nozeli zinapuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. Farasi 111, na nguvu ya kusokota nyutonimita 265 kwenye mizunguko 1,800 tu kwa dakika, yaani pale chini kabisa ambapo gari la mzigo linaihitaji. Pampu yake ni ya Bosch, ya kimakanika. Ili injini iendelee kuunguruma kunahitajika waya mmoja tu, ule wa soleno ya kuzimia iliyo kwenye pampu. Mtu aliyewahi kukwama Chipogolo saa mbili usiku anajua thamani ya waya mmoja.

Jambo ninaloliamini kuliko yote katika kazi hii ni kwamba usinunue injini peke yake. Nunua gari zima lililoharibika. Mimi nilipata Defender 110 iliyopinduka, chasi imepinda kama upinde, lakini kutoka kwenye rejeta hadi difu ya nyuma ilikuwa nzima. Niliilipia milioni 9.5. Nilisita kwa sababu injini tupu ningeipata kwa chini ya nusu ya hapo. Leo najua zile fedha za ziada ndizo zilizoifanya kazi ikamilike.

Sababu ni hesabu ya gia. Difu za 109 zina uwiano wa 4.7, maana yake propela inazunguka mara 4.7 ili tairi lizunguke mara moja. Za Defender ni 3.54. Injini ya dizeli haipendi kupigishwa resi kubwa, kwa hiyo ukiiweka mbele ya difu za zamani, ukifika kilomita 70 kwa saa inapiga kelele kama inataka kuchomoka. Halafu gia boksi ya Defender, R380 yenye gia tano, inakuja na kigawanyo cha LT230, boksi ya kugawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma, ambacho kinaendesha matairi yote manne muda wote. Ekseli ya mbele ya 109 haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Viungo vyake vinakata mwendo kila unapokata kona na usukani unatetemeka mikononi. Nikachukua na ekseli zote mbili za Defender. Ya mbele ina breki za disi, ya nyuma ni ile Salisbury yenye tumbo kubwa, ambayo kwa mzigo wa tani moja ndiyo inayonipa usingizi.

Gereji ya kwanza niliyopeleka sitaitaja. Ipo mjini, ina jina, na nilipokewa vizuri. Walikaa na gari wiki saba. Walichomelea mkono wa kubebea gia boksi kwa kukadiria, gia boksi ikakaa ikiwa imeinua pua, na pembe ya propela ikawa kali. Nilipoijaribu, ilipofika 60 sakafu nzima ilitetemeka hadi chupa ya maji ikaanguka kwenye kiti. Nikaambiwa itazoea. Chuma hakizoei. Nililipa walichodai nikaivuta kwa kamba kutoka pale, na iliniuma, kwa sababu fedha ile ilikuwa ya msimu mmoja wa zabibu.

Fundi wa pili yuko Kizota, mzee aliyeanza kushika spana kwenye Land Rover enzi za ujana wake. Siku ya kwanza hakugusa bolti hata moja. Aliegesha gari juu ya sakafu ya saruji, akaning'iniza timazi kutoka kila kona ya chasi, akapiga alama za chaki chini, kisha akaunganisha zile alama kwa uzi wa kujengea. Akachuchumaa akiangalia uzi ule kwa muda mrefu.

"Mwalimu, chasi yako imenyooka," akaniambia. "Sasa tunajua tunaanzia wapi. Injini haiwekwi kwa macho."

Alikata mikono yote ya gereji ya kwanza akaanza upya. Akachomelea vikalio vya springi za majani juu ya ekseli za Defender, maana zenyewe zilikuwa za koili. Hapo ndipo nilipouona ubora wake. Hakuchomelea moja kwa moja. Alivishika kwa nukta chache za moto, akashusha gari chini, akapanga magunia ya mchanga nyuma hadi springi zikakaa kama zimebeba mzigo, ndipo akapima pua ya difu inaelekea wapi. Akapima tena kesho yake asubuhi chuma kikiwa baridi. Baada ya hapo ndipo akamaliza kuchomelea. Propela zote mbili zilikatwa upya na kusawazishwa. Leo nikiwa kwenye 90 kikombe cha chai kinakaa juu ya dashibodi.

Tangi usilidharau. Langu lilikuwa la petroli, chini ya kiti, na ndani lilikuwa na utando wa kahawia. Dizeli inausafisha utando ule kidogo kidogo na kuupeleka kwenye pampu. Tulilitoa, tukalichemsha kwa soda, tukalisuuza mara nne, tukatoboa njia ya pili kwa sababu dizeli isiyotumika inarudi tangini, na tukaweka kichujio cha kutenganisha maji kabla ya filta kuu. Breki nazo: dizeli haitoi mvuto wa hewa kama petroli, kwa hiyo hakikisha pampu ya vakiumu iliyo ubavuni mwa injini inafanya kazi, la sivyo utakanyaga breki ngumu kama jiwe. Betri niliweka N70, ile ndogo ya zamani haiwezi kuzungusha dizeli asubuhi za Juni na Julai.

Belti ya taiming tulibadilisha kabla injini haijawashwa hata mara moja. Matoleo ya mwanzo ya 300Tdi yana ugonjwa unaojulikana, puli haziko kwenye mstari mmoja sawasawa, belti inajikwangua pembeni hadi inageuka unga. Kuna seti ya marekebisho yenye puli tofauti. Fundi alipofungua kifuniko tulikuta unga mweusi ndani, wa kujaza kijiko. Tuliweka seti ya marekebisho. Belti ikikatika vali zinagonga pistoni, na hapo umerudi mwanzo.

Pamoja na uangalifu wote huo, nilikaribia kuiua injini. Ilikuwa wiki ya tatu, naelekea Mtera, nimepita Mlowa na naikaribia Fufu. Mshale wa joto uko katikati, umetulia. Nikasikia harufu tamu, ile ya kulenti, dawa ya maji ya rejeta, imeingia kwa tundu la pedali. Nikatazama mshale, bado katikati. Nikasimama kwa sababu ya pua yangu tu. Kufungua boneti, kizibo cha plastiki juu ya nyumba ya themostati kilikuwa kimepasuka na maji karibu yote yamekwisha. Geji ilikuwa ya 109 na sensa ya Defender, mbili zisizoelewana, na hata ingekuwa sahihi, sensa ikibaki kwenye mvuke haisemi ukweli. Silinda hedi ya injini hii ni ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma. Dakika tano zaidi ingepinda. Nilikaa chini ya mbuyu saa mbili na nusu nikisubiri ipoe kabisa kabla ya kuongeza maji, na sikujuta hata dakika moja.

Kwa hiyo vizibo vya plastiki vyote, cha themostati na vya rejeta, nimeweka vya shaba. Geji mpya na sensa yake. Na nimefunga king'ora kinacholia maji yakipungua, kimegharimu elfu themanini na tano. Maji ya kisima chetu ni ya chumvi, hayaingii kwenye rejeta ile. Ni kulenti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, basi.

Karatasi: kadi yangu iliandikwa petroli na namba ya injini ya zamani. Nilipeleka gari likakaguliwe na trafiki, kisha TRA, nikiwa na hati ya mauziano na kadi ya ile Defender. Mauziano yasiyo na kadi ya gari injini ilikotoka usiyakubali hata kwa bei ya kutupa. Bima pia wajulishwe kwamba sasa ni dizeli.

Sasa matumizi. Bei kikomo za EWURA zinabadilika kila mwezi, kwa hiyo mimi nahesabu lita. Bila mzigo lita moja inanipeleka kilomita kumi, na mzigo tisa. Dodoma hadi Iringa, kama kilomita 260, natumia lita 29. Zamani safari hiyohiyo ilikula lita 65, na dumu la akiba juu. Gia ya tano kwenye tambarare ya Bahi ni raha tupu, injini inanong'ona. Breki za mbele zimenipa gari jingine kabisa.

Visivyonipendeza vipo. Kelele ndani ya kabini imeongezeka, hasa kwenye resi za chini, na nimetandika mikeka ya mpira mara mbili. Ekseli za Defender ni pana kuliko za 109, matairi yametoka nje ya mabawa na kuchafua milango, ikanibidi niongeze kingo za mpira. Ukiiona sasa hivi si ile sura ya zamani kamili, na kwa anayetaka gari la maonyesho hilo ni kasoro kubwa. Filta ya hewa naikung'uta kila wiki kwa sababu ya vumbi la njia ya Mvumi, maana tabo ikinyonya vumbi haichukui muda.

Jumla nimetumia milioni 16.4, ikiwemo milioni 1.3 iliyopotea gereji ya kwanza. Hilux ya mkononi niliyoulizia hapahapa ilizidi mara mbili ya hapo. Injini na mfumo wake naupa nyota tano. Fundi wa Kizota nyota tano. Kwa mtu anayezunguka mjini tu, Area C na Majengo, simshauri, gharama hiyo hatairudisha.

Injini ya petroli bado ipo stoo, imepakwa oili, na kila mwezi naizungusha kwa mkono ili isigande. Kuna mzee wa Kongwa ana 109 kama yangu ambayo bloku yake imepasuka, ameomba aje kuiona Jumamosi. Nitamwachia kwa bei ya kuvutia, pamoja na kabureta.